Maneno Matano Yasiyojuana

Rwekaza alikuwa mtu wa kufunga vitu. Nyumbani kwake Kibeta, pale Bukoba, geti lilikuwa na makufuli mawili, na kabati la vyombo nalo lilikuwa na kufuli lake, ingawa ndani yake hamkuwa na kitu zaidi ya sahani za plastiki na birika lililotoboka. Mkewe alimtania kwamba iko siku atamfungia yeye pamoja na kuku. Hata kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Alifundisha kompyuta katika chuo kimoja cha mjini, na kila palipoandaliwa semina ya makarani au walimu, yeye ndiye aliyeitwa kuwaeleza namna ya kulinda siri zao.

Alisimama mbele yao shati limenyooka, Kiswahili kimenyooka kuliko shati. "Mtu anayetumia jina la mtoto wake na mwaka aliozaliwa hajaweka nywila," alisema. "Amefunga mlango kwa kamba ya mgomba." Watu wakacheka, kisha wakaona haya, maana nusu yao walikuwa wamefunga hivyo hivyo. Hapo ndipo alipowapa dawa. "Chukueni kamusi. Okoteni maneno kwa bahati nasibu, msiyachague kwa mapenzi. Maneno manne au matano, yasiyojuana kabisa. Ukichagua kwa akili yako, mwizi mwenye akili kama yako atayafikia. Ukiokota gizani, hata wewe mwenyewe huwezi kueleza kwa nini yamekuwa hayo."

Dawa ilikuwa nzuri, na sitaisema vibaya. Mganga ndiye wa kumsema.

Kiswahili kile kilichonyooka kilikuwa na historia yake. Rwekaza alizaliwa Ngenge, wilaya ya Muleba, na huko kwao r na l ni ndugu wa tumbo moja: huyu huvaa shati la yule na hakuna anayegombana. Alipopelekwa sekondari ya bweni Tanga, wiki ya kwanza tu, alichungulia dirisha la jikoni akauliza kwa sauti, "Chakura tayari?" Foleni nzima ilicheka mpaka mpishi akaweka upawa chini. Tangu siku ile jina lake likawa Chakura. Walimu wawili watatu nao walilitumia. Basi mtoto wa watu akawa anajifungia chooni na kujifundisha peke yake: lala, rarua, likizo, ruhusa, mlango, mrembo. Alihangaika na ulimi wake mpaka ukatii.

Kujifunza si kosa. Kosa ni kwamba baada ya kujitibu alianza kusikia ugonjwa kwa kila mtu, na kwa mama yake kuliko wote. "Si kurara, mama, ni kulala." "Si mbari, ni mbali." Alimsahihisha mbele ya wageni, alimsahihisha sokoni, na siku moja, wakiwa wanasali rozari, mama aliposema "uriye mbinguni," Rwekaza alikohoa. Mama Kokugonza hakukasirika. Alisema tu, "Mungu ananierewa, waitu," kwa lile neno la Kihaya la kubembeleza, akaendelea na salamu Maria zake.

Baba yao, mzee Privatus, alikuwa katekista wa kigango. Mwaka jana, kabla ya msimu wa senene, aliugua ugonjwa ambao kila mtu aliujua mwisho wake na hakuna aliyeutaja. Rwekaza aliomba ruhusa kazini akaenda Ngenge kumuuguza. Alimwogesha, akamgeuza, akakesha naye. Siku hizo zote hakusema neno la Kiswahili. Nani atasema Kiswahili na baba anayekufa? Walisema Kihaya, na cha chini chini.

Asubuhi moja mzee aliomba simu ya mwanawe, akaomba afundishwe pa kubonyeza ili irekodi sauti, kisha akaomba watu wote watoke. Walipoitwa ndani tena alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyetoka kulima.

"Haya maneno ni ya Renatha," alisema. Renatha alikuwa mtoto wake wa mwisho, wakati huo yuko chuo cha uuguzi. "Ni ya siku atakayotoka hapa kwenda kwa mume. Mimi sitakuwepo. Asiyasikie mtu kabla yake, hata wewe. Baraka ikipita kwenye masikio ya watu wengi, inamfikia mwenyewe imepoa. Yafunge. Na ufunguo akae nao mama yenu."

Kumwambia Rwekaza afunge kitu ni kumwambia samaki aogelee. Aliihamishia sauti ile kwenye kompyuta yake, akaifuta kwenye simu, akafungua ile programu yake ya kufungia mafaili. Mzee alipoambiwa yanahitajika maneno ya siri, alipendekeza hapo hapo: "Yesu, Maria, Yosefu."

"Baba, hayo kila Mkatoriki wa Mureba atayajaribu kwanza," Rwekaza alisema, na mzee akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Basi wakafanya kwa kanuni. Rwekaza alichukua punje kumi za buni, akaandika kwa kalamu ya wino tarakimu moja juu ya kila punje, akazitia kwenye kikombe. Mama Kokugonza alifumba macho, akachovya vidole, akatoa punje moja, ikasomwa, ikarudishwa, akatikisa, akachovya tena, mpaka zikapatikana tarakimu za ukurasa na za neno lenyewe. Mzee Privatus, ameegemezwa kwenye mito, alishika kamusi yake kuukuu iliyofungwa gamba kwa plasta. Alipata ukurasa, akahesabu kwa kidole, akalisoma neno kwa sauti iliyokatika katika. Rwekaza, amekaa kitako kwenye mkeka na kompyuta magotini, aliandika alichosikia. Kwenye kioo hayakuonekana maneno, vilionekana vidoti tu. Programu ilitaka yaandikwe mara mbili, akamwomba baba ayasome tena yote, akayaandika tena, ikakubali.

"Sasa, mama, yaweke kichwani," alisema. "Usiandike popote. Mimi nitayasahau makusudi." Na kweli aliyasahau, kwa sababu alikuwa hodari wa mambo hayo.

Alipotoka nje kunawa uso, wazee wawili wale walibaki ndani wakiyatungia maneno yale hadithi ili yakae. Kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye kilemba. Akakanyaga jongoo. Akaruka kwa hofu, akamwangukia fahali, enumi kubwa yenye hasira. Fahali akamrusha kwenye gunia la chumvi, na ndani ya chumvi akaokota mkufu, akaenda kuoa. Mama Kokugonza alicheka mpaka akajishika ubavu. Hakucheka tena na mumewe baada ya hapo, kwa sababu siku chache baadaye mzee alifariki. Lakini kila alipoingia kibanjani kupalilia migomba, alijisimulia hadithi ile toka kilemba mpaka mkufu, na hakukosa hata neno moja. Kwake hayakuwa maneno ya kompyuta. Ilikuwa mara ya mwisho wamecheka pamoja.

Mwaka huu Renatha akapata mchumba, kijana mpole aitwaye Ayubu, mhandisi wa maji. Na Mungu naye ana utani wake: Ayubu alikuwa mtu wa Tanga.

Rwekaza aliposikia Tanga, lile dirisha la jikoni lilimrudia. Wiki ya sherehe ya kumuaga binti alifika Ngenge mapema, akapanga mahema, akapanga viti, akapanga spika, halafu akaanza kumpanga mama yake. "Mama, wageni wanatoka Tanga. Kiswahili ni chao. Ukiwasalimia, salimia kwa kifupi."

"Kwa kifupi namna gani?"

"Sema karibuni, basi. Karibuni haina shida."

Mama alimtazama kidogo, akarudi kwenye ndizi zake.

Siku ilifika. Migomba miwili yenye mikungu ilisimamishwa langoni, watu wakajaa kibanja kizima, rubisi, pombe ya ndizi, ikazunguka, na wakwe wa Tanga wakaketishwa mbele, kanga zao zimepigwa pasi. Rwekaza alikuwa na haraka ya jambo moja tu. Angeweza kumwita Renatha chumbani asubuhi, yeye na mama, wakafungua faili lile kimya kimya, maana mzee hakusema lazima iwe hadharani. Lakini alitaka watu waone. Alitaka wakwe waone. Aliunganisha kompyuta na spika, akaiweka kwenye meza ya mbele iliyotandikwa kitambaa cheupe, na mshereheshaji, bwana Kagaruki, alipomwita, alishika kipaza sauti akaeleza kwa Kiswahili cha kupendeza jinsi marehemu baba yao alivyomwachia binti yake maneno, na jinsi maneno hayo yalivyofungwa kwa nywila ambayo hakuna mwizi duniani angeweza kuibahatisha. "Ufunguo uko kwa mtu mmoja tu," alisema. "Mama yetu." Watu wakapiga makofi. Renatha, kwenye kiti cha maua, alikuwa tayari ameshaanza kulia.

Rwekaza aliweka kipaza sauti mezani. Hakukizima. Nawaomba mkumbuke hilo.

Mama alikuja mbele, akainama sikioni kwake, akamnong'oneza. "Kiremba. Jongoo. Fahari. Chumvi. Mkufu."

Spika zikatangaza kibanja kizima: kiremba, jongoo, fahari. Rwekaza, kichwa kwenye kompyuta, hakuzisikia. Aliandika. Kilemba, naye alisahihisha bila hata kufikiri. Jongoo. Kwenye neno la tatu akasita.

"Fahari ipi, mama? Ya kujivuna, au dume la ng'ombe?"

"Ng'ombe. Enumi."

"Basi ni fahali."

"Ndiyo. Fahari."

Akaandika fahali, chumvi, mkufu, akabonyeza. Programu ikakataa. Akaandika upya polepole, ikakataa. Akajaribu kwa herufi kubwa, akajaribu kwa kuacha nafasi na bila kuacha nafasi. Ikakataa. Jasho likaanza kumtoka kwapani, na Kagaruki akaanza kutazama saa yake.

"Mama, una hakika?"

"Nina hakika. Kiremba, jongoo, fahari..."

"Fahali! La, mama, la! Sema fa-ha-li."

"Fa-ha-ri."

"Ulimi juu. Fahali. Kila siku nakwambia. Sema lala."

"Rara," alisema mama, na safari hii ni kwa hofu.

Hapo ndipo kicheko kiliposikika. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha watu wanaosikia mama na mtoto wakigombana kwenye spika, na kilianzia kwa vijana wa hapo hapo Ngenge, siyo kwa wakwe. Mama mkwe wa Tanga aliinamisha uso akatazama mapaja yake. Rwekaza aliinua kichwa, akaona watu wanamtazama, akaona taa nyekundu ya kipaza sauti, akaelewa. Mtu mwenye akili timamu angesema samahani. Yeye alikivuta kile kipaza sauti akasema, kwa sauti yake ya semina:

"Ndugu wageni, mama amesahau. Umri, mnajua. Tumsamehe."

Mama Kokugonza alisimama palepale. Alikuwa na miezi yote ile ya kupalilia huku akijisimulia, na mbele ya watu waliomjua tangu anaolewa, na mbele ya wakwe walioona uso wake kwa mara ya kwanza, akasamehewa kwa kusahau. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa akarudi kuketi.

Kagaruki alipiga muziki kuziba pengo. Baadaye, kwa kuwa neno la baba limeshindikana, akasema kwa furaha ya kulazimisha, "Basi sasa mama mzazi atupe neno la kumtoa binti!" Akampelekea kipaza sauti. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Alimtazama Renatha, kisha akamtazama Rwekaza. Akamrudishia Kagaruki.

"Kiswahiri changu kibaya," alisema. "Aseme Rwekaza."

Na Rwekaza akasema. Alisimama akatoa hotuba ndefu, safi, yenye upendo na subira na ndoa ni safari, kila herufi imekaa mahali pake. Watu walipiga makofi. Renatha hakupiga, alikuwa anamtazama mama yake.

Jua lilipoanza kushuka, magari yalimchukua bi harusi na wapambe kwenda Bukoba, walale nyumbani kwa Rwekaza kule Kibeta, maana misa ya ndoa ilikuwa kesho yake mjini. Wazee wangefuata alfajiri. Kibanjani walibaki watu wa kukunja viti. Rwekaza aliketi kwenye benchi nyuma ya hema, amechoka mpaka mifupa. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Shangazi yake Annastella, dada wa marehemu, alimletea sahani ya ebitoke, ndizi za kupika, na samaki. Hakumpa. Alisimama nayo.

"Mtoto ametoka kwenye nyumba ya kaka yangu bila neno la baba na bila neno la mama," alisema kwa Kihaya. "Ametoka na hotuba. Unajua hilo?"

"Shangazi, mama alisahau, mimi nifanye nini?"

"Kokugonza hajawahi kusahau hata siku ya kuku kutaga."

"Basi niache kwanza nikare," Rwekaza alisema kwa Kiswahili, kwa hasira ya uchovu. "Nikishakura tutazungumza."

Shangazi alitazama juu kama mtu aliyesikia ndege asiyemjua. "Ukare?" alisema. "Kumbe na wewe unakura?"

Alicheka, akaweka sahani, akaondoka. Rwekaza alibaki ameshika tonge. Nikare. Ilikuwa miaka mingi hajalisikia neno hilo kinywani mwake. Alidhani alilizika Tanga, kumbe lilikuwa limelala tu. Ameshinda siku mbili kwa watu wake, akachoka, na ulimi ukarudi nyumbani bila kuaga. Akakumbuka wiki zile za kumuuguza baba. Usingizi hakuna, Kihaya tupu. Baba anasoma kwenye kamusi kwa ulimi ule ule aliosomea Injili kigangoni, na yeye yuko mkekani anaandika anachosikia. Ukimsikia mtu anasema kiremba, mkono unaandika kilemba, kwa sababu kiremba hakuna. Lakini fahari ipo. Ukisikia fahari unaandika fahari, na hakuna kinachokushtua.

Tonge lilimwanguka. Alikwenda chumbani mbio, akafungua kompyuta kitandani alikofia baba yake, akaandika kilemba, jongoo, halafu fahari, kwa r, kama mama alivyosema, kisha chumvi na mkufu. Faili likafunguka mara moja, bila ukaidi, kama mlango uliokuwa unasubiri tu.

Alipaswa kusimama hapo. Aliambiwa asisikilize. Lakini sauti ilianza yenyewe, na hakuwa na nguvu ya kuizima.

"Renatha, mwanangu," alisema mzee Privatus, na pumzi zake zilisikika. "Ni baba. Ninaongea Kiswahiri kwa sababu sijui utaorewa na nani, na nataka na yeye anierewe. Mume wa mwanangu, karibu. Sikujui, rakini nimekuombea. Renatha, ukifika kwao, kura chakura chao, hata kama hakina ndizi. Usirare na hasira. Ukikosa, sema umekosa mapema, kabra halijaota mizizi." Akapumzika. "Rwekaza atayafunga haya maneno. Namjua, mtu wa kufunga. Mwambieni asante. Sasa mimi nimefika mwisho. Neno la kufungua mrango si langu. Hapa kwetu mama ndiye anayefungua mrango asubuhi, mimi nikiwa bado nimerara. Yeye ndiye atakayekuombea mrango. Msikirize mama yako. Mimi nimemwachia hapo."

Kikafuata kikohozi, na kelele za kidole kinachotafuta pa kuzimia.

Rwekaza alikaa na uso kwenye viganja. Wamesema nyani haoni kundule, na mimi nakubali, lakini nyani hajawahi kuliweka kundu la mama yake kwenye spika. Kila r ya baba ilimpiga. Miaka yote ile mzee alisoma Injili mbele ya kigango kizima kwa ulimi ule, na watu walilia, walitubu, walirudisha mbuzi wa watu. Hakuna aliyewahi kumwambia aweke ulimi juu. Mama alikuwa ameushika ufunguo kama alivyopewa, kwa sauti ile ile aliyopewa nayo, na yeye, mlinzi wa siri za watu, akaunyoosha mpaka ukakataa kuingia. Halafu akatangaza kwamba mwenye ufunguo amezeeka.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto hata ukiwa peke yako. Alitamani kungekuwa na kufuli la kujifungia.

Mama Kokugonza alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anafunika mabaki ya ndizi kwa majani ya mgomba. Rwekaza alisimama mlangoni.

"Mama. Hukusahau."

"Najua sikusahau," alisema mama, hakuinua macho.

"Ni mimi. Niliandika fahari. Kwa r."

Mama alifikiri kidogo. "Si ndivyo nirivyosema?"

"Ndivyo ulivyosema."

Alisubiri agombezwe. Angeshukuru kugombezwa. Mama alichukua jani jingine, akalipitisha juu ya moto lilegee, akafunika sufuria ya pili. "Basi mpigie mwenzako," alisema. "Asiingie kanisani bira neno la baba yake."

Renatha alipokea kwa haraka. Rwekaza alimweleza kwa maneno machache, kisha akaweka kompyuta kwenye kinu kilichopinduliwa, akasogeza simu karibu, akaiacha sauti ya baba ijaze jiko. Mama hakuwa ameisikia kamwe. Aliposikia pumzi zile alikamata ukingo wa kigoda. Kwenye "hata kama hakina ndizi" alicheka na kulia kwa pamoja, na huko Kibeta Renatha naye alisikika akifanya hivyo hivyo. Kisha baba akasema amefika mwisho, akasema nani atafungua mlango, akakohoa, akanyamaza.

"Mama?" aliita Renatha kwenye simu. "Mama, baba amesema wewe."

Rwekaza alimpa mama simu. Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake, upande mmoja na upande wa pili, akaipokea. Machozi yalikuwa bado mashavuni, lakini alikaa wima kama anavyokaa kanisani.

"Renatha mwanangu," alianza. Alikuwa akisema taratibu, neno moja moja, kama mtoto anayesoma ubaoni mwalimu akiwa nyuma yake. "Mungu wa baba yako... a-ku-fu-ngu-lie..."

Aliifunika simu kwa kiganja chake chote, akamgeukia Rwekaza.

"Waitu, Rwekaza," aliuliza kwa sauti ya chini, "ni mrango, au mlango?"

Hakuwa anamtania. Ungemtazama ungejua. Alikuwa anauliza ili asiharibu. Rwekaza alifungua mdomo, na jibu ambalo alikuwa nalo tangu chooni kule Tanga likakataa kutoka. Chini ya kiganja Renatha alikuwa anaita, mama, mama, uko hapo? Na mama alikuwa bado amemkazia macho mwanawe, anasubiri aambiwe.